Kwa nini uvimbe wa saratani ya matiti huwa mgumu?

AKINA mama wengi wameambiwa wajipapase matiti wanapooga, wakitafuta kitu kigumu mfano wa kokoto chini ya ngozi. Ni wachache walioelezwa kwa nini ugumu ndio dalili. Je, saratani si nyama tu kama nyama nyingine ya mwili?

Seli, yaani vile vijumba vidogo mno vinavyoujenga mwili, hazikai ovyo. Nyingi huishi ndani ya wavu wa nyuzi, na nyuzi zilizo nyingi zaidi huitwa kolajeni. Hizi ndizo hufanya ngozi ya ng'ombe iwe imara hata ikashonwa viatu. Ndizo pia hufanya supu ya miguu ya ng'ombe igande ikipoa.

Mwaka wa 1980, Albert Harris na wenzake nchini Marekani waliweka seli juu ya utando mwembamba wa mpira. Utando ukajikunja makunyanzi! Kumbe seli huvuta mahali zilipo, tena kwa nguvu.

Miaka 20 baadaye, mwaka wa 2000, Yu-li Wang na wenzake walitengeneza kitu kama jeli, upande mmoja laini na wa pili mgumu, wakaweka juu yake seli za panya za aina ile inayofuma nyuzi kwenye vidonda. Zilizotoka upande laini zilivuka mpaka bila shida. Zilizotoka upande mgumu zilifika mpakani zikageuka na kurudi. Mwendo huo wakauita durotaksi.

Msomaji, mfikirie mtu anayepanda ukingo wa mto wenye matope. Akishika nyasi zinang'oka, abaki pale pale. Akishika mzizi, anajivuta juu. Seli nayo hunyoosha mguu mbele, hushika, kisha huvuta. Palipo pagumu mshiko hukaza, na mwili wote hufuata.

Tabia hiyo si mbaya. Mtu akijikata kisu, seli hukusanyika kidondani na kufuma kolajeni mpya mpaka kidonda kifunge. Kwa kawaida kikishapona, kazi hukoma.

Katika saratani, kazi haikomi. Seli zilizo jirani na uvimbe huendelea kufuma nyuzi, na kimeng'enya kiitwacho LOX huzifunga pamoja kama mtu anayesokota kamba. Titi laini linakuwa na gogo ndani yake. Hilo ndilo mkono unaligusa. Ubaya ni kwamba ugumu huo nao huzichochea seli za saratani zikue na kusonga. Baadhi ya nyuzi hunyooka kutoka kwenye uvimbe kuelekea nje, nazo seli huzifuata kama gari moshi lifuatavyo reli. Zikiufikia mshipa wa damu, zinaweza kusafiri hadi mapafuni, kwenye ini au mifupani.

Mwaka wa 2009 kikundi cha Valerie Weaver wa San Francisco kilionyesha kwamba panya waliozuiwa LOX walichelewa kupata uvimbe. Lakini panya si binadamu. Dawa iitwayo simtuzumab, iliyolenga kimeng'enya ndugu yake LOX, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya kongosho, na matokeo ya mwaka wa 2017 yakaonyesha haikuwasaidia. Tena si kila seli hupenda ugumu. Mwaka wa 2022 ilibainika kwamba seli za aina moja ya saratani ya ubongo huweza kuelekea palipo laini zaidi.

Kwa hivyo usingoje dawa hiyo. Ukigusa uvimbe mpya, uwe mgumu au laini, unauma au hauumi, nenda hospitali. Wengi hukaa nyumbani kwa sababu hauumi, ilhali uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni. Nao uvimbe unaoteleza chini ya kidole, hasa kwa wasichana, mara nyingi si saratani. Lakini kidole hakitoshi kuamua. Daktari atapiga picha, kisha achukue kipande kidogo kwa sindano kikapimwe. Wanaume nao, ingawa ni wachache, hupata saratani ya matiti, na kwao kipimo ni kile kile.