Ngoma Kongwe Zisifutwe kwa Msasa

Nimeziona ngoma kongwe kadhaa zilizokwanguliwa kwa msasa hadi mti ukawa mweupe, kisha zikapakwa vanishi nzito ili zimetemete sebuleni. Wenyewe husema zimefufuliwa. Mimi nasema zimefutwa.

Mzinga wa msondo, yaani kiwiliwili chake cha mti, huchongwa kutokana na gogo moja. Alama za tezo ni mwandiko wa aliyeuchonga. Weusi wa nje ni jasho la wapigaji na moshi wa moto uliokaza ngozi. Sisi wanaisimu tungemkemea mhariri ausahihishaye utenzi wa kale uwe Kiswahili sanifu. Fundi huyu ana tofauti gani naye?

Kutengeneza kupo, ndugu msomaji. Mzinga ulioingia maji hukaushwa kivulini, taratibu, kwani jua huuzidishia nyufa. Ufa huzibwa kwa kabari ya mti wa aina ile ile, nyuzi zake zikifuata nyuzi za mzinga. Vumbi hupanguswa kwa kitambaa. Panapostahili kusawazishwa ni ukingo unaobeba ngozi, maana ukiwa na mabonde ngozi haikazi sawasawa na sauti hukwaruza. Kwingineko msasa ukae sandukuni.