Zebaki, Waya na Jasi: Taka za Tiba ya Meno na Mito ya Uluguru

Mgonjwa anapoinuka katika kiti cha daktari wa meno huwa na jambo moja moyoni: maumivu yameondoka au bado. Ni haki yake. Lakini nyuma yake hubaki glavu zilizotumika, pamba yenye damu, sindano ya ganzi, jino lililong'olewa na, iwapo alijaziwa jino, punje za kijivu zilizodondoka katika beseni la kutemea. Kijana aliyewekewa waya za kunyooshea meno naye hurudi nyumbani na vijipira vidogo vya kubadilisha mara kwa mara, na matibabu yakiisha hupewa kibao cha plastiki cha kuyashikilia meno yasirudi yalikokuwa. Vyote hivyo huishia mahali fulani.

Katika wilaya yetu mahali hapo kwa kawaida ni mteremkoni. Mvua inyeshayo juu ya Uluguru hushuka kwa Mfizigo, Mvuha, Mgeta na vijito vingi vidogo, ikaingia Mto Ruvu, na Ruvu ndio mto unaowanywesha wakazi wa Dar es Salaam na sehemu ya Pwani. Ngerengere, upitao karibu na mji wa Morogoro, nao huishia humo humo. Sasa Bwawa la Kidunda linajengwa katika Ruvu, lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 190. Shimo la taka la kituo cha afya kilicho mlimani haliko mbali na kijito, wala kijito hakiko mbali na bwawa.

Hata hivyo taka za meno hazina uzito mmoja, na wananchi wengi huogopa kile kisichostahili kuogopwa sana. Tuanze na waya. Waya za kunyooshea meno na vijichuma vinavyogandishwa juu ya jino hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, nikeli, kromi na titani. Ni madini magumu yasiyoyeyuka ovyo katika udongo. Hatari yake kubwa ni ncha: kipande kilichotupwa jalalani humchoma mtoto au mkusanya taka, naye hajui kilitoka kinywani mwa nani. Kwa sababu hiyo waya zilizotolewa huingia katika boksi la usalama pamoja na sindano. Vijipira na vibao vya plastiki navyo ni vidogo, lakini visichomwe jikoni wala uani, kwa kuwa moshi wa plastiki si wa kuvutwa na mtu.

Jasi ina kisa chake. Daktari huitumia kutengeneza sanamu ya taya kabla ya kuweka waya au meno ya bandia, na sanamu hizo hurundikana. Jasi kavu ni jiwe la kawaida. Wakulima wengine huinunua ili kurekebisha udongo. Ikifukiwa pamoja na taka zinazooza, katika shimo lenye maji lisilopata hewa, vijidudu huigeuza kuwa gesi yenye harufu ya yai viza, na gesi hiyo ikikusanyika katika shimo refu yaweza kumwangusha mtu anayeingia kulisafisha. Basi jasi itengwe na taka za kuoza, ikae pakavu.

Kitu cha kuangaliwa kwa makini kuliko vyote ni zile punje za kijivu. Dawa ya kujazia jino yenye rangi ya fedha huitwa amalgamu, na karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Ikiwa imeshikamana ndani ya jino, zebaki hiyo hutoka kwa kiasi kidogo mno. Ikiwa imedondoka katika sinki habari hubadilika. Ni nzito, kwa hiyo hutuama katika bomba na katika shimo la maji machafu, ambako hukaa miaka. Siku gari la kunyonya maji taka linapokuja, au mvua kubwa inapolifurisha shimo, nayo huondoka.

Majini zebaki hubadilika mwili. Vijidudu vya matopeni, mahali penye hewa haba, huigeuza kuwa zebaki ya methili, ambayo huingia katika viumbe wadogo, kisha katika samaki wadogo, kisha katika kambale anayewala, na katika kila hatua hulimbikizwa zaidi. Watafiti wa mabwawa katika nchi mbalimbali wamekuta kwamba badiliko hilo huenda kasi zaidi katika bwawa jipya, kwa sababu udongo na mimea iliyofunikwa na maji huwapa vijidudu hao chakula tele. Tuna bwawa jipya njiani. Ni kweli kwamba nchini mwetu zebaki nyingi hutumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu, na mchango wa kiti cha meno ni mdogo ukilinganishwa na huo. Lakini mchango huo mdogo twaweza kuuzuia kwa gharama ya chombo kimoja chenye kifuniko.

Dunia ilijifunza jambo hili kwa uchungu huko Minamata, Japani, ambako mwaka 1956 ugonjwa wa neva uligunduliwa miongoni mwa wavuvi na jamaa zao waliokula samaki wa ghuba iliyopokea maji machafu ya kiwanda. Mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki ulipewa jina la mji huo. Ulipitishwa mwaka 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kwamba amalgamu isitumike kwa meno ya utotoni, kwa walio chini ya miaka 15, na kwa wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa pale mtaalamu anapoona hapana budi.

Kosa lililo rahisi kutendeka katika vituo vidogo ni moto. Taka za damu huwekwa katika pipa la njano au jekundu na kwenda katika kichomea taka, na hilo ni sahihi. Lakini jino lililong'olewa likiwa na amalgamu ndani yake likatupwa humo, zebaki, ambayo huchemka kwenye nyuzi 357, hupaa kama mvuke kupitia bomba la moshi na kurudi na mvua juu ya mashamba yetu. Jino la namna hiyo na mabaki yote ya amalgamu huhifadhiwa katika chombo kigumu kisichopitisha hewa, kikiwa na maandishi, hadi kichukuliwe kama taka hatarishi.

Njia nyingine ipo, nayo ilizaliwa hapa hapa nchini. Katikati ya miaka ya 1980 daktari Mholanzi, Jo Frencken, akifanya kazi katika shule ya meno Dar es Salaam, alianza kusafisha meno yaliyotoboka kwa vyombo vya mkono tu, bila mashine wala umeme, kisha kuyaziba kwa saruji maalumu ya meno inayojishikiza yenyewe na kutoa floridi. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani lilianza kuitangaza njia hiyo duniani. Haina zebaki hata chembe. Kwa kata zilizo mlimani, ambako umeme hukatika na tiba ya jino mara nyingi ni kuling'oa, njia hii inafaa kuliko mashine nyingi za bei kubwa.

Mwenye amalgamu kinywani asikimbilie kuitoa. Ikiwa nzima, kuichimba hutoa mvuke mwingi kuliko kuiacha. Mzazi anayempeleka mtoto kujaziwa jino na amwulize mtaalamu kama dawa hiyo ina zebaki, na kama ipo isiyo nayo. Jino lenye kijazio cha kijivu likidondoka nyumbani, lirudishwe kituoni ndani ya kichupa kilichofungwa. Lisitupwe motoni wala chooni. Na kwa kuwa wananchi wenyewe huketi katika kamati ya zahanati au kituo cha afya, kikao kijacho chaweza kumwuliza mganga mfawidhi swali moja: chombo cha mabaki ya amalgamu kiko wapi, na mara ya mwisho kilichukuliwa lini?