KUFUNDISHA KANUNI ZA NYAYA NYUMBUFU KARAKANANI

Mwaka jana, wakati wa mazoezi ya kufundisha, niliketi nyuma ya darasa la sita nikimsikiliza mwanachuo wangu akifundisha usalama wa umeme. Andalio lake la somo lilikuwa safi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimelitia sahihi. Aliandika ubaoni makatazo manane yahusuyo nyaya za umeme katika karakana, wanafunzi wakayanakili, na kipindi kikaelekea kwisha salama. Ndipo mtoto mmoja, ambaye baba yake ni seremala, alipoinua mkono akauliza: "Mwalimu, waya wa ukutani ni shaba, na huu wa keekee ya umeme ni shaba. Kwa nini ule unaruhusiwa kukaa ukutani miaka yote, na huu hauruhusiwi hata kupitishwa dirishani?" Mwanachuo alifikiri kidogo, akajibu kwamba ndivyo sheria isemavyo. Mtoto akaketi.

Sikumlaumu mwanachuo, kwa sababu alifundisha kama nilivyomfundisha mimi. Lakini swali lile lilikuwa ndilo somo lenyewe, na sote wawili tulilipita. Mtoto yule atarudi nyumbani aukute waya umepita dirishani. Akisema kwamba umekatazwa, baba yake atamjibu kwamba umekaa hapo miaka mitatu na halijatokea jambo. Katazo lisilo na sababu haliwezi kushindana na jibu hilo. Kwa hiyo katika makala haya nitaeleza zaidi sababu kuliko makatazo.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Waya mnyumbufu ni ule waya laini upindikao, uunganishao mashine na soketi, pamoja na ule wa kurefushia ambao mafundi huuita ekstensheni. Waya wa nyumba, ambao hufungwa mahali pamoja na kuachwa hapo, ni wa aina nyingine. Kanuni za nchi nyingi huzitenga aina hizi mbili, lakini sijaona mahali ambapo jambo hili limeandikwa waziwazi kama katika Kanuni ya Taifa ya Umeme ya Marekani, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1897 na ambayo hurekebishwa mara kwa mara. Kifungu chake cha 400 kinaruhusu waya mnyumbufu kwa taa zining'iniazo, kwa vifaa vya kuhamishwa, kwa mashine zinazotikisika, kwa winchi na kwa mashine zinazobadilishwa mara kwa mara. Kisha kinakataza usitumike badala ya waya wa kudumu, usipitishwe katika matundu ya kuta, dari au sakafu, usipitishwe milangoni wala madirishani, usipigiliwe ukutani, usifichwe, wala usiwekwe mahali utakapoumizwa. Kanuni za usalama kazini za nchi hiyo, zitokanazo na sheria ya mwaka 1970, huyarudia karibu makatazo hayo yote kwa viwanda na karakana.

Mwalimu aweza kuuliza Marekani yatuhusu nini sisi, ambao plagi zetu za pini tatu bapa na volti zetu 230 zina asili ya Uingereza. Sheria ya Marekani haitufungi. Lakini shaba hupata moto kwa namna ile ile popote pale, na sababu za makatazo yale zimo ndani ya waya wenyewe.

Sasa tuufungue waya huo. Waya mnyumbufu wenye eneo la mkato la milimita za mraba 0.75 huwa, kwa kawaida, na nyuzi 24 za shaba, kila uzi ukiwa na unene wa milimita 0.2. Umefanywa hivyo ili upindike bila kukatika. Waya wa ukutani una uzi mmoja mnene au nyuzi chache nene. Ukiupindapinda mahali pamoja utakatika upesi, lakini hakuna aupindaye. Hapo tayari tuna nusu ya jibu la yule mtoto: kila waya umeundwa kwa maisha yake. Kipaji cha waya mnyumbufu ni kupindika, na kwa ajili ya kipaji hicho umenyimwa ganda gumu na bomba la kuukinga. Basi ukiuweka ukutani, unaupa kazi isiyohitaji kipaji chake na kuuweka penye hatari usizoweza kuzihimili. Msumari utaubana, panya atautafuna, na fundi atakayetoboa ukuta mwakani hatajua kuwa upo.

Mlangoni na dirishani maumivu huanza ndani. Kila mlango unapofungwa, uzi mmoja au miwili huweza kukatika ilhali ganda la nje halionyeshi alama yoyote. Tuseme nyuzi 6 kati ya 24 zimekatika mahali pamoja. Mkondo wote sasa hupita katika nyuzi 18, na joto mahali hapo huongezeka kwa theluthi moja, mkondo ukiwa ule ule. Joto hukausha kihami, kihami kikavu hupasuka. Ile miaka mitatu ya baba seremala, kwa hiyo, si ushahidi wa usalama. Ni miaka ya kukatika kwa nyuzi.

Jambo la joto lastahili hesabu, na wanafunzi wa madarasa ya juu waweza kuifanya. Tuchukue waya ule ule wa milimita za mraba 0.75, wenye urefu wa mita 20. Mkondo huenda na kurudi, kwa hiyo hupita katika mita 40 za shaba. Mita moja ya shaba yenye mkato wa milimita moja ya mraba ina ukinzani wa omu 0.0172. Basi ukinzani wetu ni 0.0172 mara 40, gawanya kwa 0.75, yaani karibu omu 0.92. Fundi akiunganisha msumeno wa umeme uvutao ampea 10, waya peke yake utatoa joto la wati 92. Tukitumia waya wa milimita za mraba 2.5, joto hushuka hadi wati 28 hivi. Ukiwa umenyooshwa sakafuni, ule waya mwembamba huzigawanya wati 92 katika mita 20, na hewa huzichukua. Lakini ukiwa umeviringishwa katika gurudumu lake, zile wati 92 zimekaa katika furushi moja dogo, nalo halina pa kupumulia.

Hili silisemi kwa kusoma tu. Miaka michache iliyopita, katika karakana ambayo sitaitaja, niliunganisha mashine ya kunolea kwa waya wa kurefusha, nikavuta mita mbili tu na kuacha zilizobaki zimeviringishwa, maana niliona ndio unadhifu. Baada ya saa moja hivi tulisikia harufu. Tabaka za ndani zilikuwa zimeyeyuka na kugandana, na shaba ilionekana. Fyuzi ya plagi ilikuwa nzima kabisa.

Fyuzi hiyo iliandikwa ampea 13, na mashine ilivuta chini ya hapo. Kwa nini basi ikatike? Walimu wengi hufundisha kwamba fyuzi hulinda watu. Fyuzi hulinda waya, tena pale tu inapolingana na waya huo. Majedwali ya Uingereza huupa waya mnyumbufu wa milimita za mraba 0.5 ampea 3, wa 0.75 ampea 6, wa 1.0 ampea 10, wa 1.25 ampea 13. Fyuzi ya 13 juu ya waya wa 0.5 itautazama waya ukiungua. Ama mtu, huyo haponi kwa fyuzi: vifaa vya kukata umeme haraka vimewekwa vikate kwenye ampea 0.03, kwa kuwa kiasi kidogo kwa mbali kuliko kile cha kukata fyuzi chaweza kuusimamisha moyo.

Juu ya viungo vya kufungwa utepe nitasema kwa ufupi. Kanuni ya Marekani hairuhusu kuunga waya mnyumbufu, isipokuwa ule wa kazi ngumu wenye mkato wa kama milimita za mraba 2 au zaidi, na kiungo lazima kiwe na kihami, ganda na unyumbufu kama wa mwanzo. Utepe hautoi hata kimoja kikamilifu. Waya uliokatika katikati hufupishwa au hutupwa.

Rangi zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu mashine kuukuu huingia nchini kutoka kila upande. Katika nyaya nyumbufu za siku hizi za mtindo wa Ulaya, waya moto ni kahawia, waya baridi ni buluu, na waya wa ardhi una mistari ya kijani na njano. Katika zile za zamani za Kiingereza waya moto ni mwekundu na waya baridi ni mweusi. Katika za Kimarekani mweusi ndio waya moto, na mweupe ndio waya baridi. Mwanafunzi aliyekariri kwamba "mweusi ni baridi" amekariri jambo liwezalo kumuua. Afundishwe kwamba rangi husomwa pamoja na asili ya mashine, na kwamba kazi yenyewe ni ya fundi mwenye leseni. Katika plagi, waya wa ardhi huachwa mrefu kidogo kuliko wenzake, ili waya ukivutwa kwa nguvu uwe wa mwisho kuchomoka. Watoto huikumbuka sana sababu hii, nadhani kwa kuwa ni ya ujanja.

Juu ya zana za kufundishia, mwalimu hana haja ya umeme wa ukutani hata kidogo. Achukue kipande cha waya mnyumbufu kilichotupwa na kipande cha waya wa nyumba, awape wanafunzi wahesabu nyuzi, kisha wapinde kila kimoja mahali pamoja na kuhesabu mara ngapi hadi kikatike. Kwa joto, betri mbili ndogo na uzi mmoja wa chuma cha kusugulia sufuria, juu ya sinia la mchanga, zatosha: uzi utakuwa mwekundu mbele ya macho yao.

Lakini hapa nina onyo moja. Unapokata waya wa kufundishia, usiiache plagi ikining'inia katika upande mmoja na shaba wazi upande wa pili. Kifaa hicho ni mtego, na daima yupo mtoto atakayekijaribu katika soketi ya ofisi ya mwalimu mkuu. Kata waya karibu kabisa na plagi, kisha uvunje pini za plagi kwa nyundo kabla hujaingia darasani.

Mwanachuo wangu alirudia kipindi kile wiki iliyofuata. Hakuandika katazo lolote ubaoni. Aliwagawia vipande, wakapinda, wakahesabu, kisha akawatuma wachore ramani ya njia ya waya mmoja katika karakana iliyo karibu na nyumbani kwao, kwa kutazama tu bila kugusa, na waweke alama kila mahali walipoona unaumia. Mtoto wa seremala alileta ramani yenye alama tano. Ya dirishani ilikuwa ya kwanza, na kando yake alikuwa ameandika kwa penseli: "Baba ameuliza soketi ya pili itagharimu kiasi gani."