Aliyetoa Figo Tumemsahau

Mgonjwa wa figo akirudi Garissa kutoka Nairobi, tunamwendea kwa nyimbo na maziwa. Ndugu yake aliyempa figo ameketi pembeni, na kovu lake ubavuni. Nani amemwuliza hali?

Mwaka 1954, huko Boston, Ronald Herrick alimpa figo pacha wake Richard, na Ronald mwenyewe akaishi miaka 56 baada ya hapo. Basi mtu aweza kuishi na figo moja. Ile iliyobaki hupanuka na kufanya kazi zaidi. Lakini yataka kutunzwa: apimwe presha, damu na mkojo kila mwaka, anywe maji ya kutosha (na jua la Garissa twalijua!), wala asimeze ovyo dawa za maumivu. Tena kwa majuma kama sita asibebe mizigo mizito. Nani atamtekea maji?

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 yakataza kuuza figo, nayo yataka mtoaji akubali kwa maandishi. Sisi twaongeza neno: kijana aliyekalishwa na wazee usiku kucha hajakubali, ameshindwa. Daktari amwulize peke yake, na akikataa asinyoshewe kidole.

Wengine huogopa kwamba kumlipia gharama ni kununua figo. Sivyo, Azimio la Istanbul la mwaka 2008 laruhusu kumrudishia alichotumia na mshahara alioukosa. Tukifanya harambee ya mgonjwa, tuandike humo nauli ya mtoaji ya kwenda kupimwa mwakani, na ujira wa kumchungia mbuzi siku hizo.