Tabora yasubiri reli, watu wamejaa Kaliua

Ikitajwa Tabora, kinachotujia wengi wetu ni mji: stesheni ya reli, miembe mikubwa, Shule ya Wavulana aliyosoma Mwalimu Nyerere. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 308,741 katika Manispaa hiyo. Ukiifuata reli kuelekea Kigoma unaingia wilaya ya Kaliua, ambayo juzi juzi tu ilikuwa sehemu ya Urambo. Huko makarani wa sensa walihesabu watu 678,447, zaidi ya mara mbili ya Manispaa.

Mkoa mzima ulikuwa na watu 2,291,623 mwaka 2012. Miaka kumi baadaye walifika 3,391,679. Milioni moja na laki moja wameongezeka, karibu nusu ya waliokuwapo. Mtu angetarajia kuwa wengi wao wamejazana mjini, kwani ndivyo tulivyozoea kusikia kuhusu nchi hii: kijana anauza mbuzi, anapanda basi, anapotelea mjini. Tabora imekwenda kinyume. Manispaa iliongezeka kwa asilimia 36, chini kidogo ya nchi nzima, iliyoongezeka kwa asilimia 37. Sikonge iliongezeka kwa asilimia 87, Kaliua kwa asilimia 72. Katika wilaya zote za mkoa, ni Urambo peke yake iliyokwenda taratibu kuliko makao makuu ya mkoa.

Sababu yake inaonekana shambani. Mkoa una eneo la karibu kilomita za mraba 76,000, sehemu kubwa ikiwa ni misitu ya miombo, na kwa mtu aliyetoka Shinyanga, Simiyu au Mwanza, ambako shamba la babu limegawanywa kwa wajukuu mpaka limebaki matuta, hiyo ni nchi ya kuanzia maisha. Wasukuma wameingia na ng'ombe na majembe ya kukokota, wakalima mpunga mbugani na mahindi na pamba juu yake. Waha kutoka Kigoma wamekuja kwa vibarua vya tumbaku, na wengine hawakurudi. Na kuna Ulyankulu, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1972 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi. Mwaka 2014 serikali iliwapa uraia watu zaidi ya 162,000 wa makazi matatu ya wakimbizi hao, Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Waliokuwa wageni wa muda wakawa wapiga kura, wenye wajukuu na mashamba.

Tumbaku ndiyo iliyolishika eneo hili. Waingereza walijaribu karanga kule Urambo baada ya Vita Kuu ya Pili, mradi ukawafia mikononi, na katika ardhi iliyokwisha kufyekwa tumbaku ikachukua nafasi. Leo ukipita vijiji vya Urambo, Kaliua na Sikonge msimu wa kukausha utayaona mabani, vijumba virefu vya udongo visivyo na madirisha, moshi ukitoka kwenye matundu ya juu. Kila bani hula kuni, na kuni hutoka msituni. Mkulima akipata bei nzuri kwenye chama chake cha msingi, nyasi zinashuka paani na bati linapanda. Kwa hiyo nyumba mpya nyingi za mkoa huu hazijengwi na mishahara ya mjini. Zinajengwa na jani hilo, kijiji kwa kijiji, mbali na mpima ardhi yeyote.

Mji wenyewe je? Ili kuuelewa inabidi kukumbuka kazi yake. Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, ilikuwa mahali pa kusimama. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke waliondoka pwani katikati ya mwaka 1857 na kufika Kazeh, palipo Tabora ya leo, mwezi Novemba, wakawakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wakiwa na nyumba, bustani na watumwa. Hapo misafara iligawanyika: wengine Ujiji, wengine kaskazini Karagwe na Buganda, wengine kusini-magharibi mpaka Katanga. Wapagazi walilipwa wakaachwa, wapya wakaajiriwa, nafaka ikanunuliwa, wagonjwa wakauguzwa. Livingstone alikaa Kwihara, jirani na mji, kwa miezi mwaka 1872 akisubiri wapagazi ambao Stanley angemtumia kutoka pwani. Tembe alilokaa sasa ni makumbusho. Kusubiri huko ndiko kulikoujenga mji. Mtemi Mirambo wa Urambo alilijua hilo, na alipoifunga njia miaka ya 1870, bei za pembe na vitambaa zilitikisika mpaka Zanzibar. Mtemi Isike wa Unyanyembe naye alipigana na Wajerumani hadi Januari 1893, akajilipua ndani ya boma lake badala ya kukamatwa, na njia ikaangukia mikononi mwa wakoloni.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928, na baadaye likaja la Mpanda kutoka Kaliua. Reli ilibadili chombo, lakini kazi ya mji ikabaki ile ile. Hadi leo treni ya zamani ikifika Tabora kutoka Dar es Salaam hukatwa: mabehewa ya Mwanza yanakwenda huku, ya Kigoma na Mpanda kule. Kichwa kinazunguka, abiria wanashuka kunyoosha miguu, na kina mama wa stesheni wanajua muda walio nao. Asali imo kwenye chupa za maji, karanga zimo kwenye mifuko, wali umefunikwa kwenye ndoo. Wale walioishi kwa treni, kuanzia mafundi na wapiga ishara mpaka wenye gesti na mabanda ya chai, walijaza mitaa kama Kanyenye, Gongoni na Isevya.

Kisha lami ikapita pembeni. Barabara kuu ya kwenda Rwanda na Burundi ilijengwa kupitia Singida, Nzega na Kahama, na malori yakaifuata. Kahama, ambayo pia ina migodi jirani, ilitoka watu 242,208 mwaka 2012 hadi 453,654 mwaka 2022. Mji ambao wazee wa Tabora waliujua kama kituo kidogo huko mbele umewapita, na kwa mbali. Sioni namna ya kulisema hilo kwa upole: kwa miaka mingi Tabora ilikuwa na reli iliyochoka na barabara za vumbi, na wafanyabiashara wakafanya hesabu zao.

Upungufu huo umeanza kuzibwa, na kwa kasi kuliko watu wengi wa Dar es Salaam wanavyojua. Mwaka 2017 Rais Magufuli alizindua barabara za lami za Tabora kwenda Nzega, Urambo na Nyahua. Kipande cha Nyahua hadi Chaya, kilomita 85 zilizojengwa kwa mkopo wa Mfuko wa Kuwait, kikaiunganisha Tabora na Itigi na Manyoni. Barabara ya Sikonge ikaendelea mpaka Koga na Mpanda. Mtu wa Katavi ambaye zamani alingoja masika yapite ndipo asafiri, sasa anapita Tabora na kufika Dodoma kwa lami.

Maji ndiyo mabadiliko makubwa zaidi. Manispaa ilitegemea bwawa la Igombe na lile la Kazima, na kiangazi kikikaza, mabomba yalikauka na baiskeli za madumu zikatawala mitaa. Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria kutoka chanzo cha Ihelele, Misungwi, hadi Nzega, Igunga, Uyui na Tabora ulijengwa kwa mkopo wa dola za Marekani milioni 268 kutoka Benki ya Exim ya India, na ulizinduliwa Januari 2021. Ziwa liko mbali kiasi kwamba babu zetu wangecheka. Maji yamefika, na sasa yanatafuta pa kwenda, kwa sababu mji wenyewe haujapangwa kuyapokea.

Hapo ndipo suala la nyumba linapoingia. Toka katikati ya mji uelekee Ipuli, Malolo, Mpela au njia ya Tumbi, utaona namna nyumba za Tabora zinavyozaliwa. Kwanza linakuja tanuri. Udongo unachimbwa kwenye kiwanja chenyewe, matofali yanafyatuliwa na kuanikwa, yanapangwa, magogo yanaingizwa chini, na moto unawashwa kwa siku kadhaa. Shimo lililobaki linageuka dimbwi, halafu choo. Msingi unapanda, kuta zinafika usawa wa linta, kisha fedha inakata. Kuta zinaweza kukaa hivyo misimu miwili mitatu, nyasi zikiota sebuleni, mpaka tumbaku ilipe au mkopo wa mtumishi upite. Mwenye nyumba anapaua chumba kimoja na kuhamia, anaziba madirisha kwa matofali yasiyo na udongo kati yake. Mbele, kabla hata ya jiko, anaweka fremu mbili za duka.

Kiwanja chenyewe kimenunuliwa kwa hatua. Mwenye shamba la muhogo anakata ishirini kwa ishirini, wanakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wanasaini, muhuri unagongwa. Hakuna bikoni, hakuna ramani. Njia kati ya nyumba na nyumba ni ile ambayo jirani alikubali kuacha, na jirani huacha upana wa bodaboda. Mamlaka ya maji inapokuja kutandaza bomba, inalazimika kulizungusha nyuma ya vyoo na kuchimba mara mbili mahali ambapo barabara iliyonyooka ingechimbwa mara moja. Gari la majitaka halifiki. Zimamoto ndiyo usiseme. Halafu baada ya miaka linakuja zoezi la urasimishaji, watu wanachangishwa fedha, mpima anaweka vigingi, na kigingi cha barabara kinaangukia jikoni kwa mtu.

Jambo linaloniudhi ni kwamba Tabora ina Chuo cha Ardhi. Upimaji na uchoraji ramani unafundishwa hapo hapo mjini. Vijana wanahitimu kila mwaka na kutawanyika nchi nzima, huku mashamba yanayozunguka chuo yakikatwa kwa hatua za miguu. Serikali inayo hata programu ya kupanga, kupima na kumilikisha, ambayo halmashauri hukopeshwa bila riba kisha hurejesha kwa kuuza viwanja. Kwa hiyo ujuzi na njia ya fedha vipo. Kinachokosekana ni kufika shambani kabla ya dalali.

Vyuo vyenyewe ni sehemu ya soko la nyumba. Chuo kikuu kishiriki cha AMUCTA, Chuo cha Utumishi wa Umma, Chuo cha Reli na Chuo cha Nyuki vinaleta wapangaji kila mwaka wa masomo. Wenye nyumba wameacha kujenga nyumba ya familia na sasa wanajenga vyumba mstari mmoja, kila kimoja na choo ndani, vile madalali wanavyoviita masta. Kodi inalipwa ya miezi mitatu au sita mbele, na dalali anachukua yake ya mwezi mmoja. Ni biashara ya busara kwa mwenye kiwanja, lakini mwalimu mpya mwenye watoto watatu hana pa kuishi humo.

Juu ya yote hayo inakuja reli ya kisasa. Mkataba wa kuijenga kutoka Makutupora hadi Tabora, kilomita 368, ulisainiwa Desemba 2021, ule wa Tabora hadi Isaka, kilomita 165, mwaka 2022, na Desemba mwaka huo huo ule wa Tabora hadi Kigoma, kilomita 506. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma treni za umeme zinakimbia tangu katikati ya 2024. Kwenye ramani, Tabora itakuwa tena njia panda ya magharibi: Mwanza huku, Kigoma kule, na kutoka Uvinza tawi la kwenda Musongati, Burundi.

Bei za mashamba zimeshasikia habari hiyo. Mimi nina shaka. Mji huu uliishi kwa sababu watu walilazimika kushuka. Mpagazi alikaa wiki, abiria wa treni ya zamani hukaa saa kadhaa. Treni inayokwenda kilomita 160 kwa saa itasimama dakika chache, na kontena la Kigoma halitahitaji kuguswa na mtu yeyote wa Kanyenye. Bandari kavu iko Isaka. Tumbaku ya Urambo na Kaliua inapita ikiwa imekaushwa tu, kwenda kuchakatwa Morogoro, ambako ndiko ziliko ajira za viwandani. Kiwanda cha nyuzi cha Tabora, kilichojengwa ili pamba ya ukanda huu isokotwe hapa, kilibinafsishwa kisha kikasimama.

Kama kuna mzigo ambao reli inaweza kuushusha Tabora na kuupandisha ukiwa na thamani kubwa zaidi, unatoka kwa wale waliohesabiwa porini: mpunga wa Igunga na Uyui, asali ya Sikonge, karanga, ng'ombe, na tumbaku yenyewe. Maghala, machinjio na vinu vinahitaji ardhi pana karibu na reli, na ardhi hiyo ndiyo inayokatwa sasa ishirini kwa ishirini. Halmashauri ikichelewa, itabidi iwalipe fidia wenye nyumba ambazo leo bado ni matanuri, na fidia hiyo italipwa kwa bei ya mtu aliyekwisha kuona treni.

Maji ya Ziwa Victoria nayo yamepangwa kuendelea mpaka Sikonge, Urambo na Kaliua chini ya mradi wa miji 28, ambao pia unagharimiwa kwa mkopo wa India. Miji hiyo midogo bado ni ya kupimika: Kaliua mjini mtu anaweza kuchora barabara ya mita kumi na tano bila kuvunja ukuta wa mtu. Kwa fedha za ile programu ya kupanga na kupima, ningeanzia huko.