Lenzi za Zamani za Masafa Marefu kwenye Kamera za Kidijitali: Mwongozo kwa Mnunuzi

Mtu akisimama ufukweni Capri Point, jijini Mwanza, na kumtazama furukombe aliyetua juu ya mwamba ng'ambo ya maji, huona kwa macho yake kichwa cheupe na mbawa nyeusi bila shida. Akiinua simu, au kamera yenye lenzi ya kawaida iliyouzwa pamoja nayo, ndege huyo hugeuka nukta. Hali ni hiyo hiyo kwa mtumbwi wa wavuvi wa dagaa unaorejea asubuhi. Anayetaka picha nzuri za ziwani hulazimika kutafuta lenzi ya masafa marefu.

Lenzi mpya ya namna hiyo mara nyingi hugharimu kuliko kamera yenyewe. Kwa sababu hiyo wanunuzi wengi, hasa wanafunzi wa uandishi wa habari, wapiga picha wanaoanza kazi na waongoza watalii, huvutiwa na lenzi zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera za filamu kati ya miaka ya 1960 na 1980. Zinapatikana kwa wauza mitumba, kwa familia zilizorithi vifaa vya mzee aliyekuwa mpiga picha, na kwa wauzaji wa mtandaoni wanaotuma mizigo kwa basi. Nyingi ni za milimita 135, 200 au 300, zina mwili wa chuma, na kioo chake kikiwa kizima hutoa picha ambayo mtazamaji wa kawaida hawezi kuitofautisha na ya lenzi mpya.

Ununuzi huo si wa kipumbavu. Hasara hutokea pale mnunuzi anapouliza kama lenzi ni nzuri, badala ya kuuliza kama itafanya kazi kwenye kamera aliyonayo. Maswali hayo mawili hayana jibu moja.

Umbali kati ya lenzi na sensa

Kila aina ya kamera imeundwa ili kitako cha lenzi kikae umbali maalumu kutoka kwenye filamu au, kwa kamera za leo, kutoka kwenye sensa. Lenzi za kitako cha hesi cha milimita 42, kinachojulikana kwa jina la M42 na kilichotumika kwenye Praktica, Zenit na Pentax za zamani, zinahitaji umbali wa milimita 45.46. Lenzi za Nikon za mtindo wa F, ulioanza mwaka 1959, zinahitaji milimita 46.5. Lenzi za Canon za mtindo wa FD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1971, zinahitaji milimita 42.

Adapta ni pete ya chuma inayounganisha kitako cha aina moja na kamera ya aina nyingine. Pete hiyo inaweza kuongeza umbali, lakini haiwezi kuupunguza. Hapo ndipo ilipo siri yote. Kamera za kisasa zisizo na kioo cha ndani zimeweka lenzi karibu sana na sensa: Sony za mtindo wa E milimita 18, Canon za mtindo wa RF milimita 20, Nikon za mtindo wa Z milimita 16, Fujifilm za mtindo wa X milimita 17.7. Kwa kamera hizo nafasi ya adapta ni kubwa, na karibu kila lenzi ya zamani itapokelewa bila tatizo.

Wenye kamera za kidijitali zenye kioo cha ndani, ambazo ndizo zinazopatikana kwa bei ndogo sokoni, wanapaswa kuwa waangalifu zaidi. Kamera za Canon EOS za aina hiyo zina umbali wa milimita 44. Lenzi ya M42 inakaa vizuri, kwa kuwa imebaki nafasi ya milimita moja na nusu hivi kwa ajili ya adapta. Lenzi ya Nikon pia inakaa. Lenzi ya Canon FD, ajabu ni hiyo, haikai. Jina ni lile lile na kiwanda ni kile kile, lakini Canon ilibadilisha kitako mwaka 1987, na milimita 44 za kamera tayari zinazidi milimita 42 ambazo lenzi inazihitaji. Mnunuzi anayesikia kwamba lenzi ni ya Canon na kamera ni ya Canon asidhani suala limekwisha.

Kamera za Nikon zenye kioo cha ndani zina kasoro ya upande wa pili. Umbali wake wa milimita 46.5 unazidi ule wa M42 kwa takriban milimita moja. Milimita moja yaonekana kuwa kitu kidogo, lakini kwa lenzi ya masafa marefu hesabu ni kali. Lenzi ya milimita 200 iliyosogezwa mbele kwa kiasi hicho haitaweza kuona sawasawa kitu chochote kilicho zaidi ya mita 40 hivi. Ya milimita 135 itaishia kwenye mita 17 au 18. Inafaa kwa picha ya mtu aliyeketi ng'ambo ya ua, lakini kwa mtumbwi ulio mita mia mbili ziwani haifai kabisa. Zipo adapta zenye kipande cha kioo ndani yake zinazorekebisha kasoro hiyo, lakini kioo hicho, hasa cha bei rahisi, hupunguza ukali wa picha, na mnunuzi hujikuta amelipia kioo kizuri ili akifunike kwa kibaya.

Jaribio ni moja na halihitaji utaalamu. Funga lenzi kwenye kamera yako mwenyewe, wala si ya muuzaji, toka nje ya duka, kisha elekeza kwenye kitu kilicho mbali sana: mnara wa simu juu ya kilima, au miamba ya Jiwe la Bismarck ukiwa upande wa pili wa maji. Zungusha pete ya fokasi hadi mwisho, penye alama ya nane iliyolala. Kitu hicho kikibaki na ukungu, usinunue.

Kuna tahadhari nyingine kwa wenye Nikon. Lenzi za mtindo wa F zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1977, zisipokuwa zimechongwa upya, zinaweza kuvunja kijino kidogo kilicho pembezoni mwa kitako cha baadhi ya kamera za kidijitali za daraja la kati na la juu. Kamera ndogo za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina kijino hicho, hivyo hupokea lenzi hizo kwa usalama, ila hazitapima mwanga. Mpiga picha atalazimika kujaribu, kutazama picha na kurekebisha.

Maneno ya muuzaji kuhusu ukuzaji

Wauzaji husema kwamba lenzi ya milimita 200 hugeuka kuwa ya 300 ikifungwa kwenye kamera ya kidijitali. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Kamera nyingi za bei nafuu zina sensa ndogo kuliko fremu ya filamu, kwa hiyo huchukua sehemu ya katikati tu ya kile ambacho lenzi inaona. Picha hufanana na ile ambayo lenzi ya milimita 300 ingeipiga kwenye filamu, au 320 kwa Canon. Lenzi yenyewe haikuongezeka kitu. Mtu asilipe bei ya lenzi ya milimita 300 kwa sababu ya kauli hiyo.

Ugonjwa ulio ndani ya kioo

Kuvu ndiyo adui mkubwa wa lenzi katika mji ulio kando ya ziwa. Hewa yenye unyevu, kabati lisilofunguliwa na mfuko wa ngozi uliohifadhiwa tangu enzi za filamu ni mazingira ambayo kuvu huyapenda. Hutokea kama nyuzi nyembamba zinazofanana na utando wa buibui, mara nyingi kuanzia pembezoni. Kioo kikitazamwa dukani kwa mwanga wa kawaida huonekana safi.

Beba tochi, ya simu inatosha. Fungua tundu la lenzi hadi mwisho, elekeza mwanga kutoka nyuma kwa pembe, kisha tazama kupitia mbele. Nyuzi zitang'aa. Utando wa mafuta, ambao hufanya picha iwe na weupe kama wa moshi, nao utaonekana kwa njia hiyo hiyo. Fundi anaweza kuisafisha kuvu, lakini ikiwa imekwisha kula rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo, alama itabaki daima, na gharama ya kuifungua lenzi huenda ikapita bei uliyoinunulia. Punje chache za vumbi hazina madhara. Mkwaruzo mmoja mdogo kwenye kioo cha mbele hauna madhara makubwa pia, ingawa ni sababu halali ya kuomba bei ipunguzwe. Mkwaruzo wa kioo cha nyuma ni jambo zito zaidi.

Baada ya hapo, zungusha pete zote mbili. Ya fokasi iende taratibu bila kukwama wala kulegea. Ya tundu ifunge na kufungua vipande vyake vya chuma mara moja. Vikiwa vizito au vina mng'ao wa mafuta, picha zitatoka na mwanga usio sawa.

Lenzi ikishakuwa yako, iweke katika chombo cha plastiki kinachofungwa vizuri pamoja na vifuko vya silika, na uachane na mfuko wake wa ngozi hata kama ni mzuri.

Kazi mkononi

Kamera haitaitambua lenzi hii. Nyingi hukataa kupiga picha hadi mtumiaji aingie kwenye menyu na kuruhusu kupiga bila lenzi. Fokasi ni ya mkono. Kamera zisizo na kioo cha ndani husaidia kwa kukuza sehemu ya picha, au kwa kupaka rangi kingo zilizo kwenye fokasi. Kamera yenye kituliza mtikisiko ndani ya mwili wake inapaswa kuambiwa urefu wa lenzi, yaani 135 au 200, vinginevyo itatuliza kwa kipimo kisicho chake.

Picha nyingi zinazolaumiwa kuwa ni za lenzi mbovu zimeharibiwa na mkono. Kwa lenzi ya milimita 200 kwenye sensa ndogo, kasi ya shata isipungue 1/320 ya sekunde. Ndani ya mtumbwi, ambako stendi ya miguu mitatu haina msaada, 1/1000 si nyingi. Tundu likiwa wazi kabisa, lenzi nyingi za wakati huo huonyesha rangi ya zambarau kwenye kingo za vitu vyeupe vilivyo kwenye jua kali, mfano kichwa cha furukombe. Kulifunga hadi f/5.6 au f/8 hupunguza kasoro hiyo. Aidha, adhuhuri hewa iliyo juu ya miamba hutetemeka kwa joto, na hakuna lenzi, mpya wala ya zamani, inayoweza kupita katikati yake ikabaki na ukali. Kabla ya kuirudisha lenzi kwa muuzaji, ijaribu saa moja asubuhi.

Wapo watakaovuka kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane kupiga picha za mijusi wa miambani wenye vichwa vyekundu na miili ya buluu. Wajue kwamba lenzi nyingi za zamani za milimita 200 hazioni kitu kilicho karibu kuliko mita mbili au mbili na nusu.

Kuna hatari moja isiyohusu fedha. Jua huzama upande wa ziwa, na wengi hununua lenzi ya masafa marefu kwa ajili ya picha hiyo. Kulitazama jua kupitia kidirisha cha kamera yenye kioo cha ndani, huku lenzi hiyo ikiwa imefungwa, kunaweza kuharibu jicho moja kwa moja. Kwenye kamera isiyo na kioo, jua huweza kuunguza sensa. Usimpe mtoto kamera hiyo achezee mchana.

Haki za mnunuzi

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mtu aliyeuziwa bidhaa kwa maelezo: ikiwa muuzaji amesema kioo hakina kuvu, na kuvu ikaonekana, bidhaa hailingani na maelezo. Kwa mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina hiyo, sheria inadai pia ziwe na ubora unaofaa kuuzwa. Lakini mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi kudai kwa sababu ya ubora huo juu ya kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua. Kuishika lenzi, kuigeuza mara mbili na kulipa ni kuikagua vibaya, na hasara huwa ya mnunuzi. Tochi ina kazi pia mbele ya sheria.

Kwa hiyo maelezo yaandikwe. Dai risiti ya EFD, na kwa muuzaji asiye na mashine hiyo, hati ya mauziano yenye jina la lenzi, namba yake ya kiwandani, bei, tarehe na maneno kama "haina kuvu" au "inafika umbali usio na kikomo kwenye kamera ya mnunuzi". Namba ya kiwandani itakusaidia pia ikiwa baadaye mtu atadai kwamba lenzi iliibwa kwake. Kwa muuzaji wa mbali, omba video fupi ya lenzi ikimulikwa kwa tochi kabla ya kutuma fedha kwa simu, na usifute mazungumzo yenu. Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani yakiambatana na risiti, nakala ya mazungumzo, na picha moja au mbili zilizopigwa kwa lenzi hiyo.