Ukirudi uwanjani na miaka 45, anza na miguu

KILA bonanza la mavetereni lina mtu wake. Dakika ya 15 mpira unapigwa nyuma ya mabeki, jamaa anakumbuka enzi zake, anachomoka. Hatua ya nne au ya tano anasimama ghafla, kashika nyuma ya mguu, anageuka kumtafuta aliyempiga teke. Nyuma hakuna mtu.

Pembeni watu wanacheka. Kesho yake hakuna anayecheka. Kama ni nyama za paja zimechanika, ni wiki kadhaa za kuchechemea. Kama ni ile kano ya nyuma ya kisigino imekatika, hesabu miezi. Na kwa mkazi wa Mtua, kwenye ukanda huu wa Nachingwea na Ruangwa, miezi ina kazi zake. Kipindi cha Mei na Juni kuna ufuta wa kukata, na mikorosho inataka salfa kabla ubwiriunga haujaingia kwenye maua. Mashine ya kupulizia inabebwa mgongoni, mti kwa mti. Ukiwa na mguu mmoja, kazi hiyo unamlipa mtu akufanyie, au unaiacha.

Mzuka wenyewe unaeleweka. Tangu Namungo ipande Ligi Kuu msimu wa 2019/20, Simba na Yanga zimekuwa zikija mpaka Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa. Msimu huohuo wa kwanza Wauaji wa Kusini wakafika fainali ya Kombe la FA, wakafungwa na Simba 2-1 kule Sumbawanga, na msimu uliofuata wakaingia makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mtu aliyekuwa ametulia na kitambi chake akishangilia anajikuta anauliza njumu zake ziliwekwa wapi.

Kijiweni kuna jibu lililozoeleka: "Mimi jembe nashika kila mwaka, mazoezi ya nini tena?"

Jembe ni kazi, hakuna ubishi. Linajenga mgongo, mikono na uvumilivu. Lakini mwendo wake ni uleule, umeinama, taratibu, saa nzima. Mpira unataka kitu kingine: kuchomoka, kufunga breki, kugeuka. Mtu anapokimbia kasi, misuli ya nyuma ya paja hufanya kazi ya kuuzuia mguu huku yenyewe ikivutwa, na hapo ndipo inapochanika. Jembe haliifundishi kazi hiyo. Halafu kilimo kina msimu. Korosho zikishauzwa, wengi hukaa. Mwalimu, mwenye duka na dereva wa bodaboda wao hukaa mwaka mzima.

Kingine hakionekani kwa macho. Kuanzia miaka ya 30 hivi, mwili usiofanyishwa kazi nzito huanza kupoteza misuli. Makadirio yanayotumika sana ni asilimia 3 hadi 8 kwa kila miaka 10, na kasi huongezeka ukivuka 60. Uzito kwenye mizani unaweza kubaki palepale, kwa sababu mafuta yanachukua nafasi ya nyama. Ndiyo maana mtu anasema "sijabadilika" wakati ngazi tatu zinampumulisha. Kwa kina mama hali ni nzito zaidi, kwani baada ya hedhi kukoma mifupa nayo hupungua kwa haraka.

Habari njema ni kwamba misuli haikatai kufundishwa. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya wazee 10 waliokuwa kwenye makao ya kulelea wazee, wastani wa umri wao miaka 90. Waliwafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Tisa walimaliza, na nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kama mzee wa miaka 90 ameweza, huyu wa 45 hana pa kujificha.

Tanzania tumezoea kwamba mazoezi ni mbio. Tangu Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais alipozindua kampeni ya kitaifa na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa mazoezi, mchakamchaka umerudi kwenye chati. Ni jambo jema kwa moyo na pumzi. Ila Shirika la Afya Duniani linataka vyote viwili: mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na juu ya hapo afanye mazoezi ya kujenga misuli angalau siku mbili. Hizo siku mbili ndizo tunazoziruka.

Na hazidai jimu ya mjini. Benchi linatosha kuanzia: kaa, inuka bila kushika kitu, mara nane, pumzika, rudia mara tatu. Ikiwa rahisi, chuchumaa bila benchi. Pushapu ianzie ukutani, ishuke mpaka kwenye meza, mwisho ifike chini. Simama kwenye kizingiti kwa nusu ya mbele ya nyayo, panda kwa vidole, kisha shusha visigino polepole. Hilo ni la kile kisigino kinachokatika. Ndoo mbili zenye lita 10 kila moja ni kilo 20 za kutembea nazo kuzunguka nyumba, na zikizoeleka unaongeza maji. Mfuko wa saruji wa kilo 50 uache kwanza, hata kama vijana wanakutazama.

Kwa mchezaji lipo moja la lazima. Piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, kisha uanguke mbele polepole ukijizuia kwa nyuma ya mapaja mpaka mikono iguse chini. Limo kwenye FIFA 11+, ule mpango wa dakika 20 wa kupasha misuli ambao timu nyingi duniani hutumia. Anza na mara tatu tu. Kesho yake utatembea kama mzee wa 90 wa Boston kabla hajaanza mazoezi.

Hatari kubwa huja wiki ya sita. Kwanza nguvu huongezeka haraka, kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamsha misuli iliyokuwa imelala. Mtu anajiona kapona uzee. Lakini kano hukomaa taratibu kuliko misuli, na hapo ndipo wengi huomba jezi kabla ya wakati.

Mwenye presha au sukari apite zahanati apimwe kabla ya kuanza, na asibane pumzi wakati wa kunyanyua, maana presha hupanda. Maumivu ya kifua si ya kukaza nayo. Simama, nenda hospitali. Chakula hakina shida huku. Mbaazi, kunde na dagaa zinajenga misuli, na karanga pia, zao ambalo Waingereza walilianzishia mradi mkubwa Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940, ukawafia mikononi mwaka 1951. Wenyeji wanalilima mpaka leo bila mbwembwe.

Kuna wanaojitetea kwa Roger Milla, aliyefunga kwenye Kombe la Dunia 1994 akiwa na miaka 42, au kipa wa Misri Essam El-Hadary, aliyedaka penalti Urusi 2018 akiwa na 45. Wasisahau kwamba El-Hadary hakuwahi kuacha. Hakukaa miaka 15 na kitambi, kisha akaingia golini Jumapili moja baada ya ugali.

Atakayeanza mwanzoni mwa Mei ana miezi mitatu kamili kabla ya Nanenane, wakati wa bonanza na wa maonyesho pale Ngongo, Lindi. Siku hiyo apashe misuli kwanza, acheze dakika 20, kisha aombe kutoka mwenyewe huku bado anatamani kuendelea.